Chiriku Analala kwa Nani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri na mimi nimeanza kuandika saa tatu, kwa sababu wateja hawapo na redio imeishiwa betri. Daftari hili si wazo langu. Ni amri ya binti wa ofisi ya ustawi, yule anayekokotoa matunzo ya watoto ambao wazazi wao wameachana. Aliniuliza napata kiasi gani kwa mwezi. Nikamuuliza mwezi gani, maana mwezi wa kufungua shule vichwa vinajileta vyenyewe, na mwezi wa mvua hata mimi mwenyewe sijinyoi. Akaniomba hati ya mshahara. Nikamwonyesha mkasi. Hakucheka. Akasema basi, mzee, masika yote haya andika kila siku umenyoa watu wangapi, mwisho uniletee, nitapiga hesabu kutoka hapo.

Vichwa nitavinakili kwenye karatasi safi ya kumpelekea. Mengineyo yatabaki humu na mimi, maana daftari la vichwa vitupu lingekuwa na huzuni kama orodha ya mahabusu.

Mimi ni kinyozi. Nina miaka sitini na saba. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Nina mtoto wa kike wa miaka minane. Ndiyo, mtoto, si mjukuu. Walimu wake wakiniona getini humwambia babu amekuja, naye huwasahihisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Tunamwita Chiriku, kwa kuwa tangu ajue neno la kwanza hajafunga mdomo. Anaishi na mama yake, ambaye anauza kwenye duka la dawa mtaa wa juu. Tuliachana mwaka juzi bila sufuria kurushwa. Alisema amechoka kuishi na mtu asiyeweza kujibu swali bila kuchekesha. Nikamuuliza, swali gani hilo. Akafunga zipu ya begi.

Vichwa leo: viwili.

Jumanne, 5 Machi

Kichwa kimoja, tena cha kipara. Nimemnyoa pembezoni kwa heshima zote.

Alhamisi, 7 Machi

Alhamisi ni siku ya Mzee Posta. Alitembeza barua za mji huu mpaka barua zenyewe zikaisha, sasa amestaafu yeye na baiskeli yake. Kila Alhamisi hukaa kwenye kiti changu, namnyoa ndevu, tunawasengenya watu waliokwisha kufa ambao hawawezi kutushitaki, halafu huondoka bila kulipa. Sijawahi kumdai wala yeye hajawahi kujifanya anatafuta pochi. Hatuna unafiki.

Nimemwandika. Binti alisema umenyoa watu wangapi, na Posta ni mtu, angalau mpaka sasa. Na bwana aliyenifundisha kazi hakuniuliza hata siku moja nimeingiza kiasi gani. Jioni aliuliza, kijana, vichwa vingapi? Kinyozi hahesabu mfuko, anahesabu vichwa. Vichwa leo vinne: Posta, mlinzi wa shule, kijana anayekwenda kwenye usaili, na mwashi mmoja aliyejaa saruji mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi, 9 Machi

Chiriku huja Jumamosi saa tatu, mama yake humfuata saa kumi. Leo amekaa kwenye benchi la wateja na kumweleza karani mmoja kwamba sikio lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Karani akajitazama kiooni kwa muda mrefu. Nikamwambia asijali, sikio la chini ndilo linalosikia mambo ya maana.

Saa kumi mama yake akaja na mwavuli. Akasema shikamoo. Miaka yote tuliyolala kitanda kimoja hakuniamkia hata mara moja. Tumeachana ndipo nimekuwa mzee wa shikamoo. Nikaitikia marahaba mwanangu, hujambo. Hakutabasamu. Akamfunga mtoto vifungo vya koti mpaka shingoni wakaenda.

Vichwa saba.

Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu jana. Mtaro umejaa, hakuna kichwa kinachothubutu. Nitatumia nafasi hii kujieleza mwenyewe ile hesabu, nione kama nimeielewa au nilikuwa nikitikisa kichwa kwa adabu.

Siku ya kwanza tulikuwa watatu: binti wa ustawi, mama Chiriku na mimi. Binti aliniuliza kama nimemsindikiza mwanangu wa kike. Mama Chiriku akatazama dirisha. Nikasema hapana, mimi ndiye mshitakiwa.

Baada ya kuomba radhi akatufundisha. Usifikiri, alisema, kwamba baba ndiye anayetunza na mama anapokea. Mtoto ni wa wote wawili. Kwanza anachukua mapato ya baba na mapato ya mama, anayajumlisha. Halafu anatazama, katika mafungu kumi ya jumla hiyo, kila mmoja ameleta mafungu mangapi. Kisha ana jedwali lake linalosema mtoto wa umri huu, kwa wazazi wenye pato hili, anakula, anavaa, anasoma na kutibiwa kwa kiasi gani. Gharama hiyo inagawanywa kwa mafungu yale yale. Ni kama watu wawili wanaobeba gunia kwa mti mabegani: gunia linasogezwa karibu na mwenye mgongo wenye nguvu. Anayeishi na mtoto fungu lake analitumia humo humo nyumbani. Asiyeishi naye fungu lake analitoa na kumkabidhi mwenzake.

Hapo nilielewa, hata nikapenda. Lakini kuna kipengele cha mwisho, nacho ni usiku. Fomu inauliza: mtoto analala kwa nani? Kila usiku ambao mtoto analala kwa yule anayetoa, kiasi kinapungua, kwa sababu usiku huo uji, sabuni na taa ni vya kwake. Mchana hauhesabiwi. Jumamosi zangu za saa tatu mpaka saa kumi ni sawa na bure.

Nikasema mimi sina usiku wowote, andika sifuri. Wakati ule sikuona ubaya. Nilidhani usiku mtoto hana kazi, analala tu.

Alhamisi, 21 Machi

Posta amekuja amelowa, anakohoa kama lori la mchanga. Nimemwambia akifia kwenye kiti changu nitamtoza. Vichwa vitatu.

Jumamosi, 30 Machi

Leo radi imepiga karibu, taa zikazimika, wateja wawili wakaruka. Chiriku hakuruka. Akaanza kuimba polepole, macho kayafumba. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema radi ikipiga usiku yeye huiimbia mpaka ichoke, kila siku, mama anajua. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya:

"Wewe baba hujui, kwa sababu wewe ni wa mchana."

Vichwa sita, kimoja nimekikosea kidogo nyuma ya shingo.

Alhamisi, 4 Aprili

Posta hakuja wiki iliyopita wala leo. Nimefunga duka nikamfuata na wembe wangu. Amelala kwenye chumba chake, mtoto wa dada yake anamkorogea uji. Mashavu yamebonyea, na shavu lililobonyea ni gumu kunyoa. Inabidi uingize kidole mdomoni uisukume ngozi kutoka ndani. Alining'ata. Akasema ni kwa bahati mbaya. Akaniomba nimnyoe vizuri, hataki kufika huko akiwa kama bahasha iliyochanwa. Nikamwambia huko hawafungui barua, wanajua kilichomo.

Tulicheka, halafu nikamfuta sabuni kidevuni.

Kichwa kimoja. Nimemwandika.

Jumanne, 9 Aprili

Mzee Posta amefariki jana asubuhi. Tumemzika leo kwenye matope. Sina mzaha wa kuandika.

Jumatano, 10 Aprili

Asubuhi kaingia mtu wa makamo, suti nyeusi, viatu vya mjini vimekwisha kwa udongo wa makaburini. Nilimwona jana amesimama nyuma ya watu wote. Nikadhani anataka kunyolewa, nikakung'uta shuka. Akakaa kweli kwenye kiti, lakini akasema yeye ni mtoto wa marehemu.

Nimemjua Posta miaka mingi kuliko meno niliyobaki nayo, na nilijua kwamba aliachana na mke akiwa kijana. Kwamba kulikuwa na mtoto, nilijua kama mtu anavyojua kuna mto nyuma ya mlima. Hakuwa akimzungumzia.

Nikampa pole. Nikaanza kumnyoa, maana mikono yangu haijui kukaa. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa akituma matunzo kila mwisho wa mwezi kwa hawala ya posta, tangu yeye ana miaka miwili mpaka alipomaliza chuo. Haikuchelewa hata mara moja. Mama yake hakuwahi kulalamika. Wenzake waliotupwa na baba zao walimwonea wivu. Aliyasema haya yote kama wakili anayemtetea mtu, nami nikawa naitikia, ndiyo, ndiyo, Posta alikuwa mtu wa saa.

Halafu akaniangalia kupitia kioo.

"Mzee, wanasema wewe ndiye uliyekuwa rafiki yake. Nataka kukuuliza. Alikuwa anacheka vipi?"

Wembe nikauondoa shingoni mwake. Nikamwambia alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanatikisika, halafu anajifuta jicho la kulia tu. La kushoto halikuwahi kutoa chozi. Akataka niendelee. Alipenda chai ya namna gani. Alikuwa akiimba? Aliogopa nini? Akikasirika alifanyaje? Nikamweleza kila kitu nilichonacho, hata matusi. Yeye ana baba aliyelipa kila mwezi, na mimi, kinyozi, ndiye niliyekaa na baba huyo. Mwisho mabega yake yakatikisika bila sauti, nikasema basi, ndivyo hivyo hivyo, umeshajua. Hakuwa akicheka.

Alitaka kulipa. Nimekataa.

Vichwa: kimoja. Nimefunga saa sita. Nimekaa kwenye kiti cha wateja na kujitazama. Nina miaka sitini na saba. Chiriku akiwa na umri wa kuuliza maswali ya namna hiyo, atamuuliza nani? Vinyozi wa siku hizi hawazungumzi, wanaweka waya masikioni.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda ofisini bila kuitwa, nikamwomba binti amwite na mama Chiriku. Amekuja na koti lake jeupe la dukani, ameomba ruhusa ya nusu saa.

Nikasema nataka usiku. Si wote. Ijumaa na Jumamosi, kila baada ya wiki moja.

Binti akafungua fomu, akasema hilo linawezekana kabisa, ni haki ya mtoto, ila mfahamu kwamba kiasi cha baba kitapungua kwa usiku huo. Akapiga hesabu ya haraka kwenye kikokotoo. Sauti ya vile vitufe, Mungu anisamehe, ilinifanya nionekane mwizi kabla sijagusa kitu.

Mama Chiriku akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa uchovu:

"Miaka miwili hukutaka usiku hata mmoja. Umefundishwa kwamba usiku unapunguza, umeupenda."

Nikasema sijui ni kupunguza wala kuongeza, mimi namtaka mtoto. Akauliza, kwa nini sasa? Na mimi, badala ya kusema, nikafanya nilichozoea. Nikasema kitanda changu ni kikubwa na panya wanalalamika upweke.

Akasimama, akavaa begi begani. Akamwambia binti kwamba nusu saa yake imekwisha.

Sikuandika vichwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Chiriku hakuja. Ametumwa mtoto wa jirani kusema ana mafua. Vichwa vitano.

Jumanne, 23 Aprili

Vichwa viwili. Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Hakuja tena. Safari hii hata mafua hayakutumwa.

Naandika nikiwa na hasira ili baadaye nisome nijue nilivyokuwa. Mwanamke yule ana roho ya mizani ya dukani kwake, inayopima vidonge kimoja kimoja. Kila neno langu analiweka juu ya sahani na kutafuta udanganyifu. Anadhani naweza kumtumia mtoto kama kuponi ya punguzo. Nimeishi naye miaka sita, hajui kwamba mimi hata chenji sihesabu?

Vichwa vinane. Nimewanyoa wote bila kuzungumza. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimepita mtaa wa juu. Sikwenda kupeleleza, nilikwenda kutafuta betri za redio, ingawa betri zinauzwa mlangoni kwangu. Dukani kwake kulikuwa na bibi mmoja asiyejua kusoma. Mama Chiriku alikuwa amemtolea vidonge kwenye bahasha tatu na kumwambia arudie: hiki asubuhi, hiki mchana, hiki ukila. Bibi akakosea. Akamrudisha mwanzo. Akakosea tena. Watu nyuma wanang'aka, yeye hatazami watu. Mara ya nne bibi akapatia, ndipo akamwachia mkono.

Nilisimama kwenye mvua mpaka viatu vikajaa. Basi niache kuandika kuhusu mizani.

Vichwa vitatu.

Alhamisi, 2 Mei

Leo ndiyo siku ya kupeleka karatasi. Nitaandika kirefu, mkono ukubali au ukatae.

Nilinakili vichwa vyote vya masika kwa mwandiko wangu wa kuku. Binti akavijumlisha, akazidisha kwa bei ya kunyoa, akatoa kodi ya chumba, wembe na sabuni. Akaweka na mshahara wa mama Chiriku. Akasema, mzee, kwa hesabu hii wewe unaleta mafungu sita katika kumi, mama manne. Kwa hiyo gharama za mtoto, sita ni zako.

Kwanza nilijisikia mwanamume. Sita, tena masika. Halafu akataja kiasi chenyewe, na kiasi hicho sijapata kukishika mkononi kwa pamoja. Nikajua papo hapo kosa liko wapi. Nilihesabu kama bwana wangu alivyonifundisha: vichwa, si mfuko. Posta yumo. Mlinzi yumo. Vijana wote wa usaili wamo, na watoto yatima wa mtaa wa chini, na yule wa suti nyeusi.

 Ningefungua mdomo kusema karatasi yangu imezidisha, mama Chiriku angesema haya, amekuja na punguzo lingine. Nikasema moyoni nitauza kiti cha pili, na kioo kikubwa, tutaona. Nikanyoosha mkono kuomba kalamu.

Mama Chiriku akaivuta ile karatasi ya vichwa. Akaipitia kwa kidole, siku hadi siku, kama anavyosoma maandishi ya daktari. Akafika Alhamisi ya kwanza, akaenda Alhamisi ya pili. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Hapa Mzee Posta yumo?"

Nikasema yumo.

"Na mlinzi?"

Naye yumo.

Akamgeukia binti. "Hivi si vichwa vya hela. Nimekaa naye kwenye duka lake la kunyoa miaka sita. Huyu mzee akinyoa watu watatu, mmoja ni bure, na wa pili anakopa. Punguza theluthi nzima, uanze upya."

Binti akamwangalia kwa makini. Akamwonya kwamba akifanya hivyo, fungu la baba litashuka na yeye ndiye atakayepokea pungufu. Mama Chiriku akasema anajua.

"Hela ambayo haipo siitaki," alisema. "Nitaipangia viatu na ada, halafu tarehe ifike isije. Mtoto atamwuliza nani, wewe?"

Binti akaanza upya. Ikawa mafungu manne yangu, sita ya kwake. Mwanamke ambaye nilimwandika humu kwamba ana roho ya mizani alikuwa amejibebesha mwenyewe upande mzito wa gunia, kwa sababu ndiyo uzito wa kweli. Sikuwa na pa kuweka uso. Nikauangalia mkebe wa kalamu.

Kisha tukafika kwenye kile kipengele. Binti akasoma taratibu: mtoto analala kwa nani, mara ngapi kwa mwezi. Akatutazama wote wawili.

Mama Chiriku akaniuliza tena lile swali la siku ile, kwa nini nataka alale kwangu. Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, mazuri, moja lingemfanya hata binti wa serikali acheke. Niliyasikia yakigongana nyuma ya meno. Nikayameza.

Nikawaeleza habari ya mtoto wa Posta. Jinsi alivyokaa kwenye kiti. Kwamba matunzo hayakuchelewa hata mwezi mmoja. Kwamba aliniuliza baba yake alikuwa anacheka vipi. Nikasema:

"Mimi sina miaka mingi, mama Chiriku. Sitaki mwanangu aje kuulizia habari zangu kwa mtu baki. Mchana nanyoa watu, ananiona mgongo. Punguzo sikulitaka mwanzo na silitaki leo."

 Nje maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye bati lililovunjika.

Mama Chiriku akamwambia binti, "Andika sifuri."

Nilidhani nimenyimwa. Nikaanza kuitafuta kofia yangu. Akanishika mkono wa shati.

"Sijamaliza. Atakuja Ijumaa, alale mpaka Jumapili, kila baada ya wiki moja. Lakini kwenye karatasi ni sifuri. Mimi sitaki usiku wa mtoto uwe na bei, si kwako, si kwangu."

Binti akaweka kalamu chini. Akasema ni wajibu wake kutueleza. Akanigeukia mimi hasa, akasema kwa upole kwamba fomu ikishasainiwa na sifuri, serikali inajua mtoto halali kwangu kamwe. Siku mama akibadili nia, kwa hasira au kwa kuhama au kwa lolote, nisije pale na malalamiko. Sitakuwa na kipande cha karatasi cha kushika. Ni afadhali usiku uandikwe, kiasi kipungue, nipate haki yangu. Akaniuliza, mzee, umeelewa? Nikasema nimeelewa. Akaniuliza mara ya pili, maana hata yeye alikuwa na huruma.

Nikamtazama mama Chiriku. Hakunisihi wala hakuapa. Alikaa tu na koti lake jeupe lenye doa la dawa ya kikohozi mfukoni. Mtu huyu dakika chache nyuma alikataa hela ya uongo ambayo ingekuwa yake. Je, naweza kumwamini kwa usiku?

Nikasaini. Sahihi yangu inafanana na nzi aliyetoka kwenye wino, lakini ilikuwa yangu.

Jumapili, 5 Mei

Mama Chiriku alitaka wiki moja ya kumwandaa mtoto, kwa hiyo tunaanza Ijumaa ya tarehe kumi. Nimenunua godoro dogo. Muuzaji kauliza la mjukuu? Nimesema la mgeni wa heshima.

Jumatano, 8 Mei

Vichwa vinne, vyote vimelipa, lakini sina wa kumpelekea taarifa.

Nimeanza kuogopa. Mchana huu nimewaza kwamba mtu mwenye akili zake asingetia sahihi ile. Nimewaza kwamba mwanamke mwerevu angefanya hivyo hivyo kama angetaka kunimaliza kwa adabu: anipunguzie mzigo, aninyang'anye usiku, na nishukuru. Halafu nikaona aibu kwa kuwaza hivyo. Halafu nikawaza tena.

Ijumaa, 10 Mei

Tulikubaliana saa kumi. Mvua ilianza saa nane, nzito, ya mwisho mwisho, ile inayomalizia deni la msimu mzima. Nilifunga duka saa tisa. Nilipanga sahani mbili. Saa kumi hakuna mtu. Nikasema mvua. Saa kumi na moja hakuna mtu. Nikasimama mlangoni. Mtaro ulikuwa umevunja kingo, mtaa wote ni maji ya kahawia, na ndani ya maji ndala moja ya mtu inapita peke yake.

Nilipofika kujiambia basi, mzee, ulisaini mwenyewe, nikaona mwavuli kwenye kona ya juu, upande ambao watu hawapiti. Mama Chiriku amembeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, miguu inaning'inia, na viatu vyao wote wawili amevishika mkononi. Maji yalikuwa yanamfika magotini. Daraja la chini limefungwa, alisema, wamezungukia kule juu. Chiriku alikuwa anazungumza tangu mbali. Nilimsikia kabla sijamwona vizuri.

Nikataka kumpokea mtoto, akasema ngoja. Akamtua mwenyewe kwenye kizingiti, akamfuta miguu kwa kitambaa chake cha kichwa. Nikamkaribisha ndani akauke. Akasema hapana, giza litamkuta njiani. Akanipa mfuko wa nguo. Nikadhani sasa anakwenda, lakini alisimama, kama siku ile na bibi wa bahasha tatu.

"Hali maganda ya maharage, usimlazimishe. Nywele nimemsuka, usimguse na huo mkasi wako. Na usiku anaongea akiwa amelala. Usimwamshe. Mjibu tu, kitu chochote, atanyamaza."

Akanifanya nirudie. Nikakosea nikaweka nywele kwanza. Nikarudia tena mpaka nikapatia.

Jumamosi, 11 Mei

Jua limetoka. Karatasi ya ofisini inasema mtoto huyu halali kwangu. Amelala. Kabla ya alfajiri alisema kwa sauti kubwa kwamba ndoo imejaa, nani anaihamisha. Nikamjibu mimi, mama, nimeshaihamisha. Akasema haya, akageukia ukutani na blanketi lote.